Mama Hodi na Miti Arobaini na Mitatu

Wapo watu wakipewa jina la utani wanakuja juu, na wapo wanaolipokea wakalizoea mpaka lile la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Mama Hodi alikuwa wa kundi la pili. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mgongaji wa miti wa halmashauri ya jiji, na mtu anayepita barabarani akigonga kila shina nene kwa nyundo ya mbao, kisha akasimama kusikiliza kama anayesubiri mlango ufunguliwe, angeitwa nani tena?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mti wa jiji ulikuwa na kibati chenye namba, kimepigiliwa usawa wa kifua. Mama Hodi alisoma kibati, akauzungushia mti futi ya kitambaa kama fundi nguo anayempima bwana harusi, kisha akatoa nyundo mkobani na kugonga shina pande zote. Mti mzima hujibu "ko", kavu na fupi. Mti uliooza ndani hujibu "bu", kama mtu aliyejifunika blanketi akijibu bila kutaka kuamka. Ukisikia "bu", unachora pete nyekundu kwenye shina, na habari ya mti huo imekwisha.

Usicheke. Vipo vyombo vya kisasa vyenye skrini na nyaya, na halmashauri iliwahi kununua kimoja. Kiliharibika mwaka wa kwanza. Sasa kiko dirishani ofisini, kinazuia pazia lisipeperuke.

Ofisi ya miti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji ya magari ya taka, na ukutani kulikuwa na ramani ya jiji iliyojaa pini: kijani kwa mti mzima, njano kwa mti wa kuangaliwa, nyekundu kwa mti wa kukatwa. Mwaka huo halmashauri iliamua kuuhuisha Mpango wa Miti. Mpango wa zamani ulikuwa faili la bluu lililofungwa kwa uzi, lenye umri wa miaka kumi na minane, na ndani yake mlikuwa na barabara zilizokwisha kubadilishwa majina na miti iliyokufa zamani ikiwa bado inahesabiwa hai. Lakini faili hilo ndilo lililokuwa linasema mti gani unalindwa, upi unapunguzwa matawi na upi unakatwa. Bila hilo, kila mwenye duka angeangusha mti unaoziba kibao chake, na kila mchimba mitaro angekata mizizi halafu akaapa kwamba hakuiona.

Faili lilitungwa na mwalimu wa Mama Hodi, marehemu sasa, aliyekuwa anaitwa Bwana Miti. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyeamini jambo lolote lililosemwa na mtu mmoja. Ukurasa wa kumi na moja aliweka kanuni yake: mti usihukumiwe kwa sikio la mtu mmoja. Wagongaji wawe wawili. Kila mmoja agonge kwa zamu yake, ampe mwenzake mgongo, aandike kwenye kikaratasi "ko" au "bu". Vikaratasi vikitofautiana, mti unabaki. Bwana Miti alipofariki na wafanyakazi wakapunguzwa, kanuni ilibaki kwenye karatasi tu. Mama Hodi aligonga peke yake mwaka hadi mwaka, na ukweli usemwe, hakuikumbuka kanuni ile kwa machozi.

Kwa hiyo alipokaa kuandika rasimu ya Mpango mpya na kufika ukurasa wa kumi na moja, alichukua kalamu akaukata kwa mstari. Pembeni akaandika: "Mgongaji mmoja mwenye uzoefu anatosha." Hakuona kiburi chochote hapo. Nani asiyejiona anatosha baada ya miaka ishirini na sita?

Alipewa karani wa kumsaidia, msichana mpole kutoka chumba cha kompyuta, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza namba kwenye kishikwambi. Walizunguka jiji miezi mitano, mmoja na nyundo na mwingine na kishikwambi. Mtaa wa mwisho ulikuwa wa mafundi cherehani, na mti wa mwisho ulikuwa mkungu namba tisini na saba.

Chini ya mkungu huo alikaa Fundi Kiraka, aliyeitwa hivyo kwa sababu alianza maisha kwa kushona viraka, na sasa alikuwa anashona suti. Alikuwa hapo na cherehani yake ya miguu kwa miaka kumi na minne. Kila Mama Hodi alipogonga mti, Kiraka alimjibu bila kuinua kichwa: "Karibu, lakini mwenye nyumba hayupo." Na kila mara Mama Hodi alicheka kama ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Siku hiyo aligonga, Kiraka akajibu, na Mama Hodi hakucheka. Alisogea upande wa pili akagonga tena. Akagonga juu ya kibati, akagonga chini, akainama akagonga karibu na mizizi. Mti ulimjibu "bu" kila alipougusa.

"Leo unagonga kama askari," Kiraka alisema, akisimamisha miguu yake.

"Fundi, mti wako umeoza."

Kiraka aliinua macho. Mkungu ulikuwa umetanda majani juu ya cherehani, juu ya benchi la wateja, mpaka nusu ya barabara. "Na majani yote haya?"

"Majani ni uso tu. Huu unaumwa moyoni."

Kiraka aliutazama mti, akamtazama Mama Hodi. "Ukisema wewe, basi," alisema. Hakubisha, hakulalamika. Aliuliza tu amebakiza siku ngapi, kisha akasogeza benchi ili rangi isimchafulie nguo za watu. Mama Hodi alifungua kopo, akachora pete nyekundu.

Njiani wakirudi, karani alikifunga kishikwambi. "Mama, naomba kuuliza kitu, usinielewe vibaya."

"Sema kwa sauti, mwanangu, siku hizi mnaongea kama mnaiba."

Karani alipaza sauti. "Nilisema naomba kuuliza. Mpango wa zamani ulikuwa na miti kumi na tisa ya kukatwa. Sisi tumefikisha arobaini na mitatu."

"Miti nayo inazeeka. Miaka kumi na minane si jana."

Karani akaitikia, akaishia hapo. Alikuwa mdogo, naye mwenzake alikuwa gwiji, na kumkosoa gwiji barabarani si adabu.

Kati ya miti hiyo arobaini na mitatu, miwili haikusubiri Mpango upitishwe. Mwarobaini wa kituo cha umeme ulikuwa unaegemea nyaya, na mjakaranda wa zahanati ulikuwa unaegemea paa la chumba cha kujifungulia. Ilikatwa mapema kwa kibali cha dharura. Iliyobaki, arobaini na mmoja, ingeanza kukatwa Jumatatu, baada ya madiwani kuupitisha Mpango siku ya Alhamisi.

Ijumaa ya wiki iliyotangulia, fundi wa msumeno aliingia ofisini. Alikuwa pande la mtu, nywele zimejaa unga wa mbao, amebeba kipande cha gogo cha duara kama sinia. Alikiweka mezani juu ya rasimu.

"Huu ni mjakaranda wa zahanati," alisema.

Mama Hodi alikitazama. Kilikuwa cheupe, kimekazana kutoka gome hadi moyo, bila tundu, bila hata doa. Maji ya mti yalikuwa bado yanalowesha karatasi.

"Labda umekata sehemu nzima. Ubovu utakuwa chini zaidi."

"Nimekata vipande tisa, Mama. Mpaka kwenye mizizi. Vyote viko hivi."

"Basi nimekosea mmoja. Hata fundi hodari hukosea."

Fundi wa msumeno alijikuna shingo. "Na mwarobaini wa kituo cha umeme ulikuwa hivi hivi. Nilidhani nimekata mti usio wenyewe, nikarudi kusoma kibati. Ulikuwa wenyewe."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Wiki iliyopita, pale getini." Alisita, maana alimheshimu. "Ukanijibu, 'Nyumbani hawajambo, asante.'"

Mama Hodi alitazama unyevu ukienea kwenye rasimu. Alikumbuka siku ile getini. Alikumbuka mdomo wa fundi ukienda juu na chini, na yeye akikisia kwamba ni salamu, akajibu salamu. Alikumbuka pia kwamba kukisia huko hakukuwa kwa mara ya kwanza.

Mume wake alikuwa fundi redio aliyestaafu, kama fundi redio anaweza kustaafu. Sebule yao ilikuwa na redio kumi na moja, na ni tatu tu zilizokuwa na mifuniko. Jumamosi asubuhi Mama Hodi alimkuta mezani na bisibisi mkononi, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Baba watoto, hivi mimi nasikia vizuri?"

Mzee aliweka bisibisi chini taratibu. "Swali hilo nimelisubiri mwaka mzima."

"Na ulinyamaza?"

"Nilisema. Uliniambia mimi ndiye ninayenong'ona siku hizi, niende nikamwone daktari wa koo."

"Ulienda?"

"Nilienda. Akasema koo langu halina tatizo."

Siku nyingine wangecheka mpaka watoe machozi. Mzee alinyoosha mkono, akawasha redio moja, akazungusha kitufe polepole. Sauti ya mtangazaji ilipoteza makali, ikawa nzito, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. "Redio inaweza kupoteza zile sauti nyembamba, ikabaki na besi," alisema. "Haizimiki. Inaongea tu, lakini kila kitu kinakuwa kizito. Yako imebaki na besi, mke wangu."

Mama Hodi alilisikia neno hilo vizuri kuliko yote aliyoyasikia mwaka huo. Alitoa nyundo mkobani, akampa. Alimwambia agonge, ama fremu ya mlango iliyokuwa ya mbao ngumu, ama kabati la nguo lililokuwa tupu, achague mwenyewe. Kisha akageuka akatazama ukuta. Mzee aligonga mara kumi. Mara zote kumi Mama Hodi akasema ni kabati.

"Ngapi zilikuwa fremu?"

Mzee alikuwa ameandika nyuma ya kalenda, na hakutaka kuigeuza.

"Baba watoto, ngapi?"

"Sita."

Aliingia chumbani akakaa kitandani. Alilia, na hatutasema alilia kidogo, kwa sababu si kweli. Alililia sikio lake, ambalo lilikuwa ndilo cheo chake, elimu yake na jina lake. Halafu akaililia ile miti miwili, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mti wa kivuli huchukua miaka arobaini kusimama na nusu saa kulala chini, na yeye ndiye aliyesema ulale.

Alipomaliza kulia akaanza kupiga hesabu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Pale alipoandika "ko" hakuwa na wasiwasi: sikio lililobaki na besi haliwezi kubuni sauti kali isiyokuwepo. Tatizo lilikuwa pete nyekundu. Akiinyamazia miti yote arobaini na mmoja, mizima itakatwa pamoja na mibovu. Akienda kimyakimya na kitambaa cha petroli akafuta pete zote, mibovu itabaki imesimama juu ya vichwa vya watu. Na kuchagua ipi afute ipi aache hakuweza, kwa sababu chombo cha kuchagulia ndicho kilichokuwa kimeharibika. Hapo ndipo alipokwama.

"Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu," alimwambia mumewe. "Nikifungua mdomo, unga umemwagika."

Mzee alimpenda, na mtu akikupenda sana wakati mwingine hukushauri vibaya. "Omba likizo ya ugonjwa," alisema. "Sema rangi ilikuwa mbovu, zoezi lirudiwe. Wataajiri mgongaji mwingine, hakuna atakayejua."

"Wataajiri nani? Kanuni mpya inasema mmoja anatosha, na mmoja huyo wanaye. Nimeiandika mimi."

Mzee alishika tena bisibisi. Usiku ule redio zote zilizimwa, na nyumba hiyo haikuwahi kuwa kimya namna hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Hodi aliigeuza methali hiyo kichwani siku tano. Kilichomuuma ni kwamba kifo chenyewe hakikuwa chake. Yeye angestaafu salama, na miti ndiyo ingekufa kwa ajili ya siri yake.

Alhamisi ilifika. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, chupa ya maji mbele ya kila diwani, na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha matone kwenye ndoo. Mkuu wa Idara, mtu wa tai na haraka, aliwasilisha Mpango kwa dakika ishirini. Mama Hodi alikaa kiti cha nyuma na karani, nyundo mkobani. Kazi yake ilikuwa neno moja tu. Mwishoni Mkuu wa Idara angegeuka na kumuuliza kama anathibitisha orodha ya miti ya kukatwa, naye angesema ndiyo.

"Mgongaji wetu yuko hapa, wengi mnamfahamu," Mkuu wa Idara alisema. "Mama Hodi, unathibitisha?"

Alisimama. Alishika mgongo wa kiti cha mbele.

"Siwezi kuthibitisha," alisema.

Mkuu wa Idara alitabasamu tabasamu la mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea kwake. "Labda hukusikia swali."

"Swali nimelisikia. Miti ndiyo sijaisikia. Masikio yangu yamepoteza sauti nyembamba, nami nimejua Jumamosi iliyopita. Mti mnene ukiwa mzima au ukiwa mbovu, kwangu mimi sasa sauti ni ile ile. Nimeandika miti arobaini na mitatu ikatwe. Miwili imekatwa tayari, na yote miwili ilikuwa mizima. Iliyobaki, kuna ambayo ni mizima na kuna ambayo itawaangukia watu, na mimi siwezi kuwaambieni ipi ni ipi."

Mwishoni mwa meza diwani mmoja alimnong'oneza jirani yake, "Mgongaji kiziwi," wakacheka. Huyo alikuwa na sauti nene, kwa hiyo Mama Hodi alimsikia barabara.

"Kwa hiyo unataka tufanye nini?" aliuliza mwenyekiti, mama mtu mzima ambaye hakucheka.

"Msipitishe leo. Na mrudishe ukurasa wa kumi na moja wa faili la bluu, ule wa wagongaji wawili. Ulifutwa katika rasimu hii." Aliuachia mgongo wa kiti. "Niliufuta mimi."

Mpango uliahirishwa mwezi mmoja. Mkuu wa Idara alimwita ofisini kwake, akafunga mlango, akamwambia kwa kirefu jinsi alivyomwaibisha, na Mama Hodi hakukosa hata sentensi moja, kwa sababu mkubwa huyo alikuwa anapiga kelele. Alipochoka alikaa. Hakumfukuza. Wenye ubavu wa kumfukuza mtu aliyesema ukweli mbele ya madiwani wote ni wachache, na yeye hakuwa mmoja wao. Alimwambia arudishe nyundo, afundishe wengine, na aandike maelezo ya miti miwili iliyokatwa. "Sababu andika 'hitilafu ya kipimo'," alisema.

Mama Hodi alichukua kalamu. Mbele ya namba mia mbili na kumi na nne, mjakaranda wa zahanati, na mbele ya namba mia tatu themanini na nane, mwarobaini wa kituo cha umeme, katika safu ya sababu aliandika maneno mawili: "Mgongaji hakusikia." Mkuu wa Idara alisoma, akamtazama, akapiga mhuri.

Wagongaji wapya walikuwa karani na fundi wa msumeno, maana hakukuwa na wengine. Aliwafundisha uani nyuma ya gereji, kwenye magogo yaliyopangwa kati ya magari ya taka: mazima, mabovu, na mabovu nusu ambayo hudanganya. Hakuweza kusikia wanachosikia. Aliwaambia tu wafumbe macho, waeleze kwa maneno yao, naye akawasahihisha kwa kumbukumbu ya miaka ishirini na sita. Fundi wa msumeno alishika upesi, kwa sababu maisha yake yote alikuwa anaona ndani ya miti muda ukiwa umeshapita. Karani alishika polepole, lakini akishika haachii. Nyumbani mzee alijaribu kumfariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama Hodi akamwambia aiweke methali hiyo kwenye redio, huko wanaokosa vipindi wataipokea.

Kisha wakaanza kuizunguka ile arobaini na mmoja. Karani aligonga, akageuka, akaandika. Fundi wa msumeno aligonga, akageuka, akaandika. Vikaratasi alipewa Mama Hodi, ambaye kazi yake sasa ilikuwa kuvifungua. Mti wa kwanza ulikuwa "bu" na "bu". Wa pili pia. Wa tatu vikatoka "ko" na "ko", na Mama Hodi akasimama pale barabarani na vikaratasi viwili mkononi, akicheka peke yake kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake anakula. Alimimina petroli kwenye kitambaa, akaifuta pete kwa mkono wake mwenyewe, akasugua mpaka gome likabaki safi. Kufikia Jumatano alikuwa amefuta pete kumi na nane. Vidole vilikuwa vinanuka petroli hata baada ya kuoga, na hakujali.

Mtaa wa mafundi cherehani aliuacha wa mwisho, tena kwa makusudi. Alikuwa amejiwekea tumaini pale. Kumwambia Kiraka kwamba kosa lilikuwa la mgongaji, kwamba kivuli chake kinabaki, kungekuwa malipo ya aibu yote aliyoipata.

Kiraka aliwaona wakija watatu. Habari za mkutano zilikuwa zimemfikia, kama zilivyoufikia mji mzima. Alisimama akamletea Mama Hodi kiti.

"Nasikia masikio yamekugomea, dada."

"Yamenigomea."

"Pole sana. Na mimi macho yananitisha siku hizi. Kutunga uzi ni vita." Alitazama nyundo mkononi mwa karani. "Haya, wagonge."

Karani aligonga pande nne. Kiraka hakujibu chochote. Msichana akageuka, akaandika, na Mama Hodi akamtazama shingo, akijaribu kuisoma. Fundi wa msumeno naye akagonga, akainama karibu na mizizi, akagonga tena, akaandika. Vikaratasi vikaja. Mama Hodi alifungua cha kwanza, kisha cha pili, kisha akavishikilia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno mawili mafupi namna hiyo.

"Bu," alisema. "Na bu."

Mafundi wa upande wa pili wa barabara walikuwa wamesimamisha cherehani zao. Kiraka aliweka kiganja kwenye shina, juu ya ile pete nyekundu.

"Kumbe mwanzo ulisema kweli," alisema.

"Ilitokea tu. Ningekuambia hivyo hata kama mti ungekuwa mzima."

"Na mimi ningekuamini."

"Ungeniamini," Mama Hodi alisema, akivikunja vikaratasi. "Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, fundi. Wewe hukubisha."

Kiraka aliinua kichwa akautazama mkungu, majani yake yote yale ya kijani, miaka kumi na minne ya kivuli. Kisha akakunja vidole, akagonga shina mara tatu kwa upole, kama mtu anayegonga nyumba ya jamaa.

"Mwenye nyumba hayupo," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta uliokuwa na kivuli chembamba mpaka saa sita. Kiraka alishika cherehani upande mmoja, akatafuta wa kumsaidia. Mama Hodi alimpa karani mkoba, akashika upande wa pili, wakavuka nayo barabara.